Kutu Haipimwi kwa Macho: Jinsi ya Kukagua Mnara wa Tenki na Bomba la Kisima Kabla Havijakutia Hasara

Leo hatuongelei mbegu wala viwavijeshi. Leo tunaongelea chuma. Najua kuna mtu atauliza, "Sasa bwana shamba na kutu wapi na wapi?" Subiri nikusimulie kwanza.

Kiangazi kilichopita nilitembelea kikundi kimoja cha umwagiliaji ninachokihudumia. Wanalima nyanya na vitunguu kwa njia ya matone. Wana mnara wa chuma wa mita sita, na juu yake tenki la lita 5,000. Nilikwenda kuangalia kantangaze kwenye nyanya. Tulipomaliza tukakaa chini ya mnara, maana ndo penye kivuli. Mnara umepakwa rangi ya bluu, unang'aa. Mwenyekiti akaniambia kwa fahari, "Bwana shamba, huu tumeupaka juzi tu. Hauna shida kabisa."

Kwenye mguu mmoja walikuwa wameegemeza mifuko ya mbolea ya CAN, mmoja umechanika. Nikausogeza. Pale chini, chuma kinapoingia kwenye zege, rangi ilikuwa imevimba kama lengelenge. Nikachukua bisibisi nikakwangua. Rangi ikatoka, chini yake magamba ya kutu, nikasukuma kidogo tu. Bisibisi ikazama ndani hadi kwenye mpini.

Lita 5,000 za maji ni kilo 5,000, yaani tani tano. Na sisi tulikuwa watu saba tumekaa chini yake tunakunywa chai.

Nikawaambia tenki litolewe maji leo leo. Hapo mama mtunza hazina akasema jambo ambalo sikuwa na jibu rahisi: "Bwana shamba, nyanya ziko kwenye maua. Tukikaa bila tenki, maua yakidondoka tutarudishaje mkopo?" Tulibishana sana. Mwisho wakakubali kufungulia matone yote jioni ile ili maji yaishie shambani badala ya kumwagwa bure. Kwa siku 11 wakamwagilia kwa mpira moja kwa moja kutoka kwenye pampu, kwa zamu, alfajiri na jioni. Maua mengine yalipukutika, hasara ilikuwepo, sitaificha. Lakini mguu ulibadilishwa na mnara umesimama.

Kilichoniuma ni kwamba hasara ile haikuwa ya lazima. Mguu ule haukuoza kwa wiki moja. Uliliwa taratibu kwa miaka, na kama mtu angekuwa anaupima, ungebadilishwa wakati shamba limepumzika. Ndo maana leo nataka tujifunze kitu kimoja tu: kutu haiangaliwi, kutu inapimwa.

1. Kwanza, kutu ni nini?

Wakulima wa kahawa mtanielewa haraka. Mnajua mrututu hauchanganywi kwenye ndoo ya bati wala pipa la chuma. Tumia plastiki au mti. Ukitaka kuona sababu, chukua msumari, usugue kwa msasa, utumbukize kwenye maji ya mrututu kwa dakika chache. Utatoka na rangi nyekundu ya shaba. Watu wanadhani msumari umepakwa shaba tu. Hapana. Ili shaba ikae pale, chuma cha msumari kimeyeyuka na kuingia kwenye maji. Msumari umeliwa.

Kutu ya kawaida inakwenda kwa njia inayofanana. Chuma kinapoteza chembe zake kidogo kidogo, na kinahitaji vitu viwili: maji na hewa ya oksijeni. Ukiongeza chumvi, kazi inakwenda mbio, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi. Mbolea nyingi za chumvichumvi zinavuta unyevu hewani. Kwa hiyo mfuko wa mbolea ulioegemezwa kwenye mguu wa mnara ni sawa na kuufunga mguu ule kitambaa chenye maji ya chumvi mwaka mzima.

Jambo jingine: metali mbili tofauti zikigusana kwenye unyevu, iliyo dhaifu huliwa haraka kwa ajili ya mwenzake. Ndo maana ukiunga koki ya shaba moja kwa moja kwenye bomba la GI, mara nyingi bomba huanza kutoboka karibu na hapo.

2. Kwa nini macho yanadanganya?

Sababu ni tatu.

*Kutu huvimba.* Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili au zaidi. Kwa hiyo chuma kilicholiwa kinaweza kuonekana kinene kuliko kipya! Ukikwangua magamba ndo unaona kilichobaki.

*Rangi huficha.* Rangi iliyopakwa juu ya kutu haiponyi chochote. Unyevu umefungiwa ndani na kazi inaendelea.

*Kutu hupenda kujificha.* Inaanzia chini ya mguu panapotuama maji, ndani ya chuma chenye uwazi, chini ya nati, na chini ya tope lililolala kwenye sakafu ya tenki la bati. Sehemu unazoziona kila siku ndizo zenye nafuu.

3. Wenzetu wa viwandani wanafanyaje?

Mtu mwenye bomba la mafuta lililofukiwa, kama lile la TAZAMA lenye kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, hawezi kulifukua kila mwaka alitazame. Wala hawezi kukata kipande aone unene. Kwa hiyo watu wa viwanda wana njia za kupima chuma bila kukiharibu. Nitazitaja nne, kwa sababu baadhi ya hizo hata sisi tunaweza kuziazima au kuziiga.

Kipima unene cha mawimbi ya sauti. Ni kifaa kidogo cha kushika mkononi. Unapaka jeli kwenye chuma, unaweka kichwa cha kifaa, kinapiga sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inapita kwenye chuma, inagonga ukuta wa upande wa pili na kurudi kama mwangwi. Ndani ya chuma cha kawaida sauti inakwenda karibu mita 5,900 kwa sekunde. Chuma cha milimita 6, kwenda na kurudi ni milimita 12, kwa hiyo mwangwi unarudi baada ya kama sehemu mbili za milioni ya sekunde. Kifaa kinahesabu muda huo kinakupa unene. Uzuri wake ni kwamba unahitaji kufika upande mmoja tu.

Waya wa kuhisi. Ndani ya bomba wanaweka waya mwembamba wa chuma kama kile cha bomba. Waya ukiliwa unakuwa mwembamba, na waya mwembamba hupitisha umeme kwa shida zaidi. Wanasoma ugumu huo kwa mita, hata wakiwa ofisini, na kujua bomba linaliwa kwa kasi gani.

Kipande cha majaribio. Kipande cha chuma kinapimwa uzito, kinatundikwa ndani ya bomba au tenki, baada ya miezi kadhaa kinatolewa, kinasafishwa na kupimwa tena. Uzito uliopotea ndo kutu.

Kifaa kinachosafiri ndani ya bomba. Kinasukumwa na mafuta yenyewe. Vya aina rahisi vinakwangua tope. Vya aina ya juu vina sumaku kubwa na vihisio. Chuma kikiwa kimepungua unene, nguvu ya sumaku inavuja mahali hapo na kifaa kinaandika ni kilomita ya ngapi.

Usidhani wakubwa hawakosei. Machi 2006 huko Prudhoe Bay, Alaska, bomba la mafuta lilivujisha zaidi ya lita 750,000 kwenye ardhi. Kutu ilikuwa imelila bomba kutokea ndani, upande wa chini, tope linapokaa, na kutoa tundu dogo ambalo kidole kisingepita vizuri. Kifaa cha kupima kwa ndani kilikuwa hakijapitishwa kwenye bomba lile tangu 1998. Miaka minane! Vifaa walikuwa navyo, pesa walikuwa nazo. Kilichokosekana ni kupima kwa wakati.

4. Kukagua mnara wako, hatua kwa hatua

Tahadhari kwanza. *Toa maji kwenye tenki kabla ya kugonga au kukwangua mguu wowote.* Watoto na mifugo wakae mbali. Usipande juu peke yako. Na usithubutu kugonga kwa nyundo kitu chenye presha, kama mtungi wa gesi, tenki la kompresa au boila. Hivyo ni vya wataalamu.

1. Safisha chini ya miguu. Ondoa udongo, majani, mifuko, kila kitu, hadi uone chuma kinapoingia kwenye zege.

2. Tazama kwa karibu. Tafuta rangi iliyovimba, mistari ya kahawia inayotoka kwenye maungio, nyufa kwenye sehemu zilizochomelewa, na nati zilizoliwa kichwa.

3. Gonga kwa nyundo ndogo. Anza juu, mahali unapojua ni pazima, usikie sauti yake. Shuka taratibu. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilicholiwa kinatoa sauti iliyokufa, kama debe lenye mchanga. Weka alama ya chaki hapo.

4. Kwangua na kusugua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe. Ukipima unene ukiwa na kutu juu yake, umepima kutu.

5. Pima unene. Kama mguu ni chuma cha pembe, unafika pande zote mbili, kwa hiyo kalipa ya fundi inatosha kabisa. Kama mguu ni bomba au chuma cha pembe nne chenye uwazi ndani, kalipa haikusaidii, maana ubaya uko ndani. Hapo ndo unahitaji kipima unene cha sauti. Usinunue. Changeni kama kikundi au AMCOS mmlete fundi mwenye nacho kwa siku moja, akague minara yote ya kijiji. Waulize mafundi wanaokagua matenki ya mafuta na boila za viwanda. Kwa miradi ya maji ya jamii, anzia ofisi ya RUWASA ya wilaya.

6. Pima mahali pale pale kila mara. Kwa kila mguu chagua sehemu tatu: chini kabisa, nusu mita juu, na karibu na ungio la kwanza. Weka alama kwa rangi na uzipe namba. Ukipima hapa mwaka huu na pale mwaka ujao, hujalinganisha kitu.

5. Daftari na hesabu yake

Kipimo kimoja hakikuambii mengi. Vipimo viwili vyenye tarehe vinakuambia kasi. Chora jedwali la kawaida: tarehe, namba ya mguu, sehemu, unene, aliyepima.

Tuchukue mfano. Mguu namba 2, sehemu ya chini:

- Juni 2022: milimita 5.6
- Juni 2024: milimita 5.2

Umepotea unene wa milimita 0.4 kwa miaka miwili, yaani 0.2 kwa mwaka. Sasa muulize fundi au mhandisi aliyejenga mnara: mguu huu usipungue chini ya unene gani? Tuseme amekuambia 4.5. Hesabu ni hii:

*(unene wa sasa − unene wa chini unaoruhusiwa) ÷ kasi ya kuliwa kwa mwaka*

(5.2 − 4.5) ÷ 0.2 = miaka 3.5.

Huo ndo umri uliobaki. Usisubiri miaka mitatu na nusu iishe ndo ukague! Viwandani hawavuki nusu ya umri uliobaki bila kupima tena. Mimi nawashauri wakulima wangu wapime kila mwaka, baada ya mavuno, wakati maji hayana haraka. Na kama kasi ya mwaka huu imezidi ya mwaka jana, kuna kitu kimebadilika. Kitafute.

Unaona faida yake? Kikundi kikijua mguu una miaka mitatu, kinaweka pesa kidogo kidogo na kuchagua mwezi wa kutengeneza. Kisipojua, mwezi unachaguliwa na kutu.

6. Bomba la kisima na kipimo cha chupa tatu

Bomba la pampu ya mkono au ya umeme liko chini ardhini, huwezi kuligonga. Lakini maji yenyewe yanasema.

Wengi wananiambia, "Maji yetu yana chuma, ndivyo Mungu alivyoumba." Inawezekana. Inawezekana pia kwamba mnakunywa bomba lenu. Ili kujua, chukua chupa tatu safi zinazopitisha mwanga. Asubuhi kabla mtu yeyote hajapampu, jaza ya kwanza. Pampu madebe kumi, jaza ya pili. Pampu madebe kumi mengine, jaza ya tatu. Ziache wazi kwenye mwanga mpaka jioni.

- Chupa ya kwanza nyekundu sana na ya tatu nyeupe: maji yalilala kwenye bomba usiku yakalila. Tatizo ni bomba.
- Zote tatu nyekundu kwa kiasi kinachofanana: huenda chuma kimo kwenye maji ya ardhini. Peleka maabara ya maji wahakikishe.

Pima na pH pia. Bwana shamba au bibi shamba wako ana vifaa vya kupima udongo, na karatasi za kupimia maji zipo. Ikiwa pH iko chini ya 6.5, maji ni ya uchachu na ile zinki ya juu ya bomba la GI haitadumu. Tatizo hili liliwasumbua sana wenzetu wa Uganda kwenye pampu za mkono, mpaka mwaka 2016 wizara yao ya maji ikasitisha kutumia mabomba ya GI kwenye pampu hizo. Maji ya namna hiyo yanataka plastiki inayofaa kwa kisima au chuma kisichoshika kutu. Muulize mtaalamu kabla ya kununua, maana ukibadilisha bomba la GI kwa jingine la GI umenunua tatizo lile lile.

7. Tengeneza kihisio chako mwenyewe

Kipande cha majaribio kinawezekana hata kijijini. Mwombe fundi akukatie kipande cha chuma sentimita 5 kwa 10, cha aina ile ile ya bomba au tenki lako. Toboa tundu, sugua kwa msasa, kausha, kipime kwenye mzani mdogo wa kidijitali unaosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Andika. Kitundike kwa kamba ya nailoni ndani ya maji ya tenki kwa miezi sita. Kisigusane na chuma kingine.

Kikitoka, ondoa kutu yote, kausha, pima tena. Kipande hicho kina sentimita za mraba 100 kwa pande mbili, na sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85. Kwa hiyo kila gramu 7.85 iliyopotea ni sawa na milimita 0.1 kila upande. Kama imepotea kwa miezi sita, kasi ni milimita 0.2 kwa mwaka.

Kumbuka mpaka wake: kipande kinakuambia ukali wa maji kwa wastani. Hakikuambii kama kuna tundu linachimbika chini ya tope. Kwa hiyo hakichukui nafasi ya nyundo na kalipa, na sakafu ya tenki la bati ioshwe tope kila mwaka.

8. Ukishakuta kutu, ufanye nini?

- Kutu ya juu tu, unene haujapungua: sugua mpaka chuma cheupe, paka redoksaidi siku hiyo hiyo kabla unyevu wa usiku haujaingia, kisha rangi mara mbili.
- Unene umepungua kwa robo au zaidi, au sauti imekufa: tenki lisijazwe mpaka mhandisi aone. Huu ni mpaka wangu wa tahadhari. Mhandisi anaweza kukupa mkali zaidi.
- Tundu au ufa: toa maji leo. Usichomelee kiraka juu ya chuma kilichooza. Kiraka hakina cha kushika. Kata mpaka kwenye chuma kizima.

Na kuzuia ni rahisi kuliko yote. Inua kichwa cha zege juu ya udongo na ukipe mteremko ili maji yatiririke. Miguu yenye uwazi ipate tundu dogo la kutolea maji chini. Rekebisha koki inayovuja kwenye mguu. Mbolea ikae stoo, juu ya chaga, mbali na chuma. Bomba lako la kupulizia na toroli navyo vioshwe kwa maji safi kila baada ya kazi.

Mwisho niseme hivi. Kwenye mahindi nimewafundisha kupita shambani mara mbili kwa wiki kutafuta viwavijeshi, kwa sababu ukisubiri uone jani limeisha, umechelewa. Chuma nacho kina wadudu wake, ila hawa wanakula polepole zaidi, tena bila kelele. Nafasi ya kuwawahi unayo. Kile kikundi sasa wana daftari limefungwa kwa kamba kwenye mlango wa stoo, na mama mtunza hazina ndo anayesoma kalipa. Hataki mtu mwingine aishike.

Wewe mnara wako ulipimwa lini? Kesho asubuhi anza na kazi ya bure: sogeza mifuko, fagia chini ya miguu, tazama. Ukikuta jambo usilolielewa, niulize. Tukutane somo lijalo, shamba jema!